Punda Tajiri na Chakula cha Kuku

Kila siku, kabla ya kengele ya shule, Salvina alimfunga Tajiri madumu manne, mawili kila ubavu, akaenda naye kisimani.

Tajiri alikuwa punda wa bibi yake, Bibi Bernadina, wa pale Ushirombo. Jina hilo alipewa siku aliyoletwa, kwa kuwa tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba ile aliyebeba tena maji kichwani. Lakini mwaka huo jina lilikuwa limegeuka mzaha. Mvua zilinyesha vizuri, nyasi zilifika magotini, na bado Tajiri alizidi kukonda. Mbavu zilihesabika. Manyoya yalikuwa makavu, yamefifia, na mgongoni yamenyonyoka mabaka mabaka.

"Shikamoo, Tajiri," Denis alisema kisimani, akiinama kwa adabu ya uongo. "Mali umeificha wapi, mbona umevaa gunia?"

Watoto wakacheka. Hata Rebeka, rafiki yake Salvina, alificha mdomo kwa kiganja.

Salvina alijua kilichomtia Denis kiburi. Jumapili iliyopita Katekista Onesmo alitangaza kwamba Jumapili ya Matawi punda mmoja angetangulia maandamano hadi kanisani, na mtoto wa nyumba yenye punda huyo ndiye angeshika kamba. Ijumaa angepita kuwatazama punda. Alitaka mwenye afya na manyoya mazuri. Punda wa akina Denis aling'aa kama aliyepakwa mafuta. Salvina naye hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote, si kwaya, si mbio. Kamba ile aliitaka mpaka akaiota.

"Mpe kitu," Rebeka alimwambia njiani.

"Kitu gani?"

"Si unawaona kuku wa Mama Goodness? Wiki nne tu wamenona, manyoya yanameta. Kinachowang'arisha ni nini kama si kile chakula?"

Mama Goodness alikuwa jirani yao. Alifuga kuku wa nyama na kuwauzia mama lishe wa machimboni. Jioni Salvina alimsaidia kulisha, na ufunguo wa stoo alikuwa nao. Jumatatu hiyo alichota ndoo ndogo ya chakula kutoka kwenye gunia akampelekea Tajiri. Hakuomba. Alijiambia kwamba ni kidogo tu, na kwamba atasema baadaye. Tajiri alikula mpaka akalamba ndoo. Jumanne alimpa asubuhi na jioni. Jumatano, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa inabisha hodi, alimpa mara mbili zaidi.

Jioni ile Mama Goodness alisimama mbele ya gunia, mikono kiunoni. "Panya wa mwaka huu wanakuja na ndoo," alisema. "Hebu niambie, Salvina, umewaona?"

"Hapana, mama."

Jibu lilitoka upesi kuliko alivyotaka.

Alhamisi asubuhi Tajiri hakuja mlangoni mwa zizi. Alisimama kwenye kona, kichwa chini, jasho likimtiririka ubavuni ingawa jua lilikuwa bado changa. Miguu ya nyuma ilitetemeka. Nyasi hakuzigusa. Bibi Bernadina alimpapasa shingo, kisha akaingia ndani kutafuta simu.

Bwana Athanas, afisa mifugo wa kata, alifika kwa pikipiki chai ikiwa haijapoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyu ndiye miguu yangu. Akiondoka huyu, mimi na kisima basi tena."

Bwana Athanas aliweka kifaa chake cha kusikilizia tumboni mwa punda. "Amekula nini kisicho cha kawaida?"

"Mimi najua nyasi na pumba kidogo," Bibi alijibu. "Lakini anayemhudumia ni huyu mtoto."

Wote wawili wakamtazama. Salvina alimfikiria Mama Goodness na panya wake. Akaifikiria kesho, na kamba.

"Nyasi tu," alisema.

"Basi tumbo limejifunga. Mshike umtembeze uwanjani polepole, lifunguke. Mimi naandaa dawa. Asilale chini."

Salvina alishika kamba. Duru ya kwanza Tajiri alikwenda akivuta pumzi kwa kishindo. Salvina alimwekea kiganja kifuani, nyuma ya mguu wa mbele. Moyo haukuwa ukidunda kama moyo. Uliruka, ukanyamaza, ukaruka tena mara tatu kwa pupa. Duru ya pili magoti yalimpinda punda, akajikaza.

"Endelea," Bwana Athanas alisema, amewapa mgongo, anafungua mfuko wake.

Salvina alivuta kamba. Tajiri alimtazama, akapiga hatua nyingine. Hakuwa na nguvu ya kutembea, lakini Salvina alikuwa amemvuta, naye maisha yake yote alimfuata. Hilo ndilo lililomshinda Salvina. Kamba ikamtoka mkononi.

"Nimemlisha chakula cha kuku," alisema. Sauti haikufika popote. Akasema tena, "Nimemlisha chakula cha kuku wa nyama. Siku tatu. Ni cha Mama Goodness, sikuomba."

Bwana Athanas aligeuka. "Simama hapo hapo. Asisogee hata hatua moja. Kiasi gani?"

Salvina alionyesha ndoo. Alihesabu siku, akahesabu ndoo, hakupunguza hata moja.

"Chakula kile kimetiwa dawa ya kuzuia kuku wasiharishe damu," Bwana Athanas alisema, huku akichanganya unga wa mkaa wa dawa na maji. "Kuku hakimdhuru. Punda na farasi kinawapiga moyo. Tungeendelea kumtembeza, angeangukia hapa miguuni pako."

"Atapona?" Bibi aliuliza.

"Sumu hii haina dawa ya kuifuta, mama. Mkaa utazuia iliyobaki tumboni isiingie mwilini. Mengine ni kivuli, maji, na kutomfanyisha kazi yoyote. Tungoje jioni."

Walimjengea Tajiri kivuli cha turubai pale pale aliposimama. Siku hiyo Salvina ndiye aliyekuwa punda. Alikwenda kisimani mara nne, dumu moja kichwani kila safari, na kila aliporudi alitazama kwanza kama masikio ya Tajiri yanacheza. Safari ya kwanza hayakucheza. Ya pili hayakucheza. Ya tatu Tajiri alikuwa amelala, na Salvina akadhani yamekwisha, mpaka alipoona ubavu unapanda na kushuka. Jua lilipokuwa linazama, punda aliinuka kwa taabu, akanusa nyasi mkononi mwa Bibi, akatafuna moja.

Kabla giza halijaingia Salvina alikwenda kwa Mama Goodness, akasema yote.

"Kumbe panya wangu anavaa sare ya shule," Mama Goodness alisema. Hakucheka. Alinyoosha mkono, Salvina akamwekea ufunguo kiganjani. "Kila Jumamosi utasafisha banda. Ufunguo tutazungumza siku nyingine."

Ijumaa Katekista Onesmo alipopita, Salvina alimwambia mwenyewe kwamba punda ni mgonjwa na aliyemponza ni yeye. Akachaguliwa punda wa akina Denis. Kesho yake kisimani Salvina alikaza shingo, akingoja dhihaka. Denis alilitazama dumu la Salvina, akalitwaa na kulifunga juu ya punda wake. "Tajiri akipona atanibebea na mimi," alisema.

Wiki zilipita. Bwana Athanas alirudi, safari hii akafungua mdomo wa Tajiri na kuchunguza mavi yake.

"Nyasi zimejaa na mnyama anakonda. Hiyo si njaa," alisema. "Ana minyoo, na jino hili la nyuma limechongoka, linamkata shavu. Ungemwaga debe zima la chakula, minyoo ndio wangekula."

Alimpa dawa ya minyoo, akalisawazisha jino kwa tupa, akaelekeza awekewe jiwe la chumvi la kulamba. Baada ya hapo, mashudu kidogo ya alizeti kwenye pumba, konzi moja kwa siku na si zaidi. Pamba ilipoanza kuvunwa, mbavu za Tajiri zilikuwa zimejificha, na mgongo wake ulimeta kama kokwa la parachichi.

Jioni moja Salvina alikuwa akimpiga brashi, Bibi ameketi kwenye kigoda anachambua mchicha.

"Mayu, mama yangu," Bibi alisema, "dawa ya kwanza aliyopewa punda huyu ilikuwa ipi?"

"Mkaa, bibi."

"Ni neno lako pale uwanjani. Daktari hutibu anachoambiwa. Ulimwambia uongo, naye akatibu uongo, na punda nusura alipe kwa roho yake. Uliposema kweli, akatibu kweli. Jingine ni hili. Kitu kikifubaa, usikimbilie kuking'arisha. Uliza kwanza kinaumwa nini, na umwulize anayejua."

Salvina aliendelea kupiga brashi. Ng'ambo ya ua sauti ya Mama Goodness ikasikika.

"Salvina, njoo uchukue ufunguo. Kuku wana njaa."