Ngazi za Kisimani

Siku ile mjinga nilikuwa mimi Felisian, na ushahidi upo: nilimfichia mama yangu ndoo.

Ilikuwa mwaka 1997. Nilikuwa nauza mitumba Sumbawanga mjini, jioni narudi kijijini. Mama yangu, Debora, alikuwa na miaka sabini na mbili. Aliteleza kwenye mteremko wa njia ya kisimani, akaumia goti. Nikasema basi! Mke wangu atachota maji, mama aote jua. Nikajiona mtoto mwema kuliko wote Ufipa.

Goti likapona. Lakini mama hacheki, na chakula anakionja tu.

Jirani yetu Zita, mjumbe wa serikali ya kijiji, akaja kumjulia hali.

"Shikamoo, mama. Mbona hatukuoni kisimani?"

"Marahaba. Muulize huyu askari wangu."

"Namtunza," nikasema. "Amezeeka."

"Unamtunza au umemfungia? Kisimani ndiko anakokutana na wenzake. Umemnyima maji au umemnyima watu?"

"Sasa aanguke tena?"

"Kibovu ni njia, Felisian, siyo mama yako. Na njia ile ni ya kijiji. Kumsaidia mzee si kumfanyia kila kitu. Ni kumwondolea kinachomzuia kufanya mwenyewe. Hiyo ni kazi ya serikali ya kijiji pia. Njooni mkutanoni, mama aseme."

Mkutanoni nikasimama ili nimsemee. Mwenyekiti akaniuliza, "Goti lililoumia ni lako?" Watu wakacheka. Nikakaa.

Mama akasema, "Sisi wazee tunataka ngazi za mawe, fupi fupi. Tunataka mti wa kushikilia. Na katikati pawe na benchi, tupumue."

Wazee wenzake wakaitikia. Serikali ya kijiji ikatoa saruji, sisi tukabeba mawe. Fundi hakukisia urefu wa mti wa kushikilia. Aliwaita wazee, wakaweka mikono, akapima hapo.

Basi mama akawa anachota ndoo ndogo, anapumzika kwenye benchi, anarudi na habari za kijiji kizima. Ugali wa ulezi anaumaliza, na wangu anauangalia.

Hata hivyo, siku moja nilimnyatia nyuma hadi kwenye ngazi. Akageuka.

"Unatafuta nini huku?"

"Mama, naogopa utaanguka."

"Wewe ulipoanza kutembea, kwa siku ulianguka mara ngapi? Nilikufunga miguu?"