Nywele za Wino

Haya yalimkuta shoga yangu mpiga picha, mchana kweupe. Wifi yake, aliyepukutika nywele zote kwa maradhi, alitaka picha ya kuwaachia wanawe.

"Nipe nywele nyingi, wifi, wenye wivu wajinyonge!"

"Zitafika kiunoni," shoga akacheka.

Akaupiga picha uso wake, akamwacha sebuleni, akajifungia chumba cha mapazia meusi. Kazi yake ni kudondosha wino ndani ya maji, kulipiga picha wingu la wino linapotawanyika, kisha kuliunganisha na uso liwe nywele. Kwa uvivu hakumwaga maji ya jana, yaliyokwishavunda. Gizani akadondosha wino; maji yakaumeza, gluu. Wino haukutawanyika. Akauvuta kwa vidole: mzito, wenye utelezi, unanuka usaha. Akazidi kuvuta.

Kule sebuleni wifi akapiga ukelele: "Taratibu, wifi, unaninyofoa ngozi ya kichwa!"