Kugusa si Kununua

Kila alasiri, alipotoka shuleni, Alida alipita nyumbani, mtaani Gitega, akavua sare, akala viazi vilivyobaki mchana, kisha akashuka mbio hadi kituo cha afya alikofanya kazi mjomba wake. Mwaka huo wa 1991 alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Mama yake, Vestine, alikuwa mzaliwa wa Bujumbura. Aliuza parachichi na nyanya kando ya barabara, na nyumbani kwao Kiswahili kilisemwa zaidi kuliko lugha nyingine yoyote.

Mjomba Salvator alikuwa fundi wa kompyuta. Mradi mmoja wa afya ulimwajiri atengeneze kompyuta ya kuwafundisha akina mama wasiojua kusoma. Kioo chake kilizungukwa na fremu nyeusi iliyorusha mwanga usioonekana kwa macho. Ukipeleka kidole, mwanga ulikatika, na kompyuta ikajua umegusa wapi. Mama angegusa picha ya mtoto anayekohoa au anayeharisha, naye angeonyeshwa la kufanya.

Alida alipenda kumtazama mjomba akiijenga. Kila ukurasa mjomba aliuita kadi. Alichora kadi, akaweka kitufe juu yake, kisha akakipa kitufe amri: ukiguswa, fungua kadi fulani.

"Ni kama nyumba yenye vyumba vingi," alimweleza Alida. "Kitufe ndicho mlango."

Baadaye alimruhusu achore mwenyewe. Picha ya kikombe cha maji yenye chumvi na sukari ilikuwa kazi ya Alida, naye aliionea fahari.

Hatimaye kompyuta iliwekwa katika chumba cha kusubiri ili akina mama waijaribu. Asubuhi moja, Alida akiwa bado darasani, alikuja mama kijana aliyeitwa Mukabalisa. Mgongoni alimbeba mwanawe Ishimwe, aliyekuwa akiharisha. Foleni ilikuwa ndefu, basi akaiendea kompyuta. Aliinua mkono aguse picha ya mtoto anayeharisha. Kabla kidole hakijafika, ncha ya kitenge chake ilikata mwanga upande wa chini, penye picha ya mtoto aliyezimia, na kompyuta ikarukia kadi yake. Kadi hiyo ilikuwa na kikombe kilichopigwa mstari mwekundu, maana yake mtoto asipewe kitu mdomoni. Mukabalisa alikitazama kikombe hicho, akaamini, akarudi nyumbani.

Kesho yake Alida alimkuta kituoni akilia. Ishimwe alikuwa amelazwa, macho yamezama ndani, dripu imefungwa mkononi.

"Kwa nini hukumpa maji?" muuguzi alikuwa akiuliza.

"Kompyuta yenu ilinikataza!"

Alida alimshika mkono. "Mama Ishimwe, tafadhali nionyeshe ulivyogusa."

Mukabalisa alifanya vilevile kama jana. Kitenge kikatangulia, kompyuta ikaruka. Safari hii Alida aliona yote kwa macho yake.

Alikimbia ofisini kumweleza mjomba, akamkuta na Bwana Théoneste, mkuu wa mradi. Bwana Théoneste alisikiliza akitazama saa yake.

"Hakugusa vizuri," alisema. "Hawa akina mama hawajui kugusa."

"Aligusa vizuri, Bwana. Kompyuta ndiyo iliyosikia vibaya."

Bwana Théoneste alitabasamu kidogo. "Ijumaa wageni kutoka Ulaya watakuja kuiona. Wakiipenda, itapelekwa vituo vyote vya mji. Wewe ni mrefu, na unajua pa kugusa. Utajifunga kitenge, utaketi kama mama wa mtoto, utawaonyesha."

"Oya," alisema Alida, yaani hapana.

Bwana Théoneste alimgeukia.

"Umesemaje?"

"Nimesema oya. Sitajifanya mama wa mtoto. Picha zile nimezichora mimi, siwezi kupotea humo. Wageni watasema inafanya kazi, nayo itapelekwa kila mahali, na watoto wengine watanyimwa maji kama Ishimwe." Hakuinamisha macho.

"Salvator!" Bwana Théoneste alifoka. "Mtoto wako hana adabu. Mtoe nje, na asirudi hapa."

Salvator alitazama sakafu. Akamshika Alida begani, akamtoa nje.

Jioni Salvator alifika kwenye meza ya Vestine kando ya barabara akiwa amekunja uso. Alida alijificha nyuma ya mama yake, akingojea kuchapwa.

"Dada, huyu ataniharibia kazi," alisema Salvator.

"Amemtukana mtu?"

"Hapana."

"Amesema uongo?"

"Hapana."

"Sasa wewe umekasirikia nini?"

Salvator aliketi juu ya kreti, akashika kichwa. "Nitafanyaje, dada? Wanagusa ovyo. Kidole kinatangatanga, mara hapa, mara pale, na mlango unafunguka kabla mtu hajaamua."

Wakati huo mteja mmoja alikuwa akichagua parachichi. Alibonyeza moja, akalirudisha. Akabonyeza jingine, akalinusa, akalirudisha pia. Vestine alimwonyesha kwa kidevu.

"Mtazame yule. Ameshika mangapi? Nimemwambia yote ni yake? Kugusa si kununua, kaka. Mtu amenunua pale anapoamua moja na kulitia kikapuni."

Alida alichomoka nyuma ya mama yake. "Mjomba! Kitufe chako kinauza kila kinachoguswa! Kidole kikigusa, picha ing'ae tu. Mama akiona amekosea, asogeze kidole kwenye picha nyingine. Mlango ufunguke atakapoinua kidole!"

Salvator alimkodolea macho. "Na kitenge?"

"Kitenge kinapita chini. Usiweke mlango wowote chini."

Salvator aliinuka akaenda zake, lakini Alida aliona kwamba hatua zake si za mtu mwenye hasira.

Siku zilizofuata Salvator alibadilisha amri ya kila kitufe. Alida, kwa kuwa alikatazwa kuingia kituoni, alichora kioo juu ya kipande cha katoni na kuketi nacho kando ya meza ya mama yake. Kila mama aliyekuja kununua nyanya aliombwa aonyeshe angegusa wapi. Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia akasome vitabu vyake. Jua lilimchoma shingo, lakini hakuondoka. Aligundua kwamba mama aliyebeba mtoto mgongoni huinama, na kitenge hufika juu kuliko alivyodhani. Tena, wengi waliona kikombe chenye mstari mwekundu wakafikiri ni kikombe kilichovunjika. Alikichora upya mara kadhaa, mpaka wakaelewa, akampelekea mjomba pamoja na alama ya pale kitenge kinapofika.

Ijumaa wageni walichelewa. Wanajeshi walikuwa wakikagua magari kwenye makutano ya barabara pale Sonatubes, na msururu ulikuwa mrefu. Walipofika, Bwana Théoneste alikuwa tayari amemketisha karani wa kike wa ofisi mbele ya kompyuta, akiwa amejifunga kitenge kipya. Alida alisimama mlangoni, Mukabalisa kando yake akiwa na Ishimwe, ambaye sasa alikuwa amepata nafuu. Mlinzi aliwazuia.

"Huyu mtoto anatibiwa hapa," Alida alimwambia. "Utamfukuza mgonjwa?"

Mlinzi alisita, na Mukabalisa akapita moja kwa moja hadi kwenye kompyuta.

"Mama, subiri nje," Bwana Théoneste alimwambia kwa sauti ya chini.

"Nilisubiri siku ile, mwanangu akakaribia kufa. Leo sisubiri!"

Mgeni mmoja aliuliza kwa Kifaransa mama huyo anasema nini. Bwana Théoneste alifungua mdomo ajibu, lakini Salvator alimtangulia. Hakutazama sakafu tena. Alitafsiri maneno ya Mukabalisa yote, akaongeza habari ya kikombe na ya dripu.

Karani alisimama mwenyewe, akampisha.

Mukabalisa aliinama. Kitenge chake kilipita upande wa chini wa kioo, na hakuna kilichotokea. Kidole chake kiliangukia mtoto anayekohoa, picha ikang'aa. Akatikisa kichwa, akakisogeza taratibu hadi kwa mtoto anayeharisha, picha ikang'aa. Akainua kidole. Kadi ya kikombe ikafunguka, na Mukabalisa akaeleza kwa sauti kila alichokiona: maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi, kijiko, mtoto anakunywa kidogo kidogo.

Mama aliyemfuata alishindwa kupata njia ya kurudi mwanzo. "Hilo bado," Salvator aliwaambia wageni waziwazi. "Tutalirekebisha."

Wageni walishauriana, kisha wakatoa uamuzi. Kompyuta isipelekwe popote kabla akina mama wa mtaani hawajaijaribu, na akina mama hao waitwe kila wiki. Bwana Théoneste alikubali kwa kichwa. Alipompita Alida mlangoni alisema bila kumtazama, "Jumatatu uje. Uje na katoni yako."

Jioni ile Alida alimsaidia mama yake kufunga biashara. "Mama," aliuliza, "nilimkosea adabu Bwana Théoneste?"

Vestine alifunika kapu la nyanya. "Ungemtukana, ningekuchapa mimi mwenyewe. Lakini mkubwa akikutuma uongo, kukataa si utovu wa adabu. Ila sikia, mwanangu: kusema oya ni rahisi, hata mvivu anaweza. Wewe ulisema oya, kisha ukakaa juani mpaka ukapata kilicho bora. Ukikataa kazi mbovu, uwe tayari kuifanya iliyo njema. Hapo hakuna atakayekunyamazisha."