Kiapo cha Noella

Kila alasiri, akitoka shule, Noella alimsaidia mama yake, Maman Florentine, kugeuza ndagala, samaki wadogo walioanikwa ufukoni mwa ziwa, Uvira. Anga likiwa safi, aliyaona majengo ya Bujumbura ng'ambo ya ziwa, madogo na meupe, kana kwamba yanaelea. Huko ndiko alikosoma chuo kikuu dada yake mkubwa, Divine, ambaye Noella alimwita Yaya. Noella aliangalia huko hadi mama amkaripie: "Samaki wako huku, si kule!"

Tangu Yaya aondoke, hakukuwa na mtu wa kumsuka huku akimsimulia vituko vya kwaya. Zamani Divine alipiga simu kila Jumapili, akicheka. Siku hizi sauti yake ilikuwa nyembamba. Papa, baba yao, aliuliza jambo moja tu, alama za masomo: "Pointi ziko namna gani?"

"Ziko sawa, Papa."

Jumapili moja, wazazi walipomaliza kuongea, simu ilibaki mkononi mwa Noella. "Yaya, utakuja lini? Nimekukumbuka sana."

Divine akaanza kulia. "Siendi tena darasani, Noella. Silali, sili. Naona bora nisingekuwepo. Usiwaambie wazazi. Niapie!"

Noella akaapa. Aliogopa kuvunja kiapo. Aliogopa zaidi kumkosa Yaya kabisa. Kabla jioni haijaingia, alimweleza mama yote.

Papa alipoambiwa, alifoka. "Uvivu huo! Minye mwenyewe nilisoma na njaa!"

"Mtoto anasema bora asingekuwepo," mama alisema taratibu, "na weye unataka pointi?"

Papa akachukua simu. "Mwanangu, mwite rafiki yako akae nawe. Tunakuja."

Kesho yake walivuka mpaka wote watatu hadi Bujumbura. Divine alikuwa amekonda, nywele hazijasukwa. Alimtazama mdogo wake. "Uliapa."

"Niliapa, Yaya. Lakini nilitaka kukuona tena."

Divine akamkumbatia, asimwachie.

Walikwenda kwa Madame Élisabeth, mshauri wa wanafunzi chuoni. Alimsikiliza Divine bila haraka, akamtafutia daktari. Kisha akawaambia wazazi: "Huu ni ugonjwa, na unatibika. Mkipiga simu, muulizeni kwanza amelalaje, amekula na nani."

"Ni mimi niliyemfunga mdomo?" Papa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mdomo uliofungwa hufunguliwa, Papa Divine. Leo umeanza."

Noella alitaka warudi pamoja, lakini ilibidi Divine abaki kwa shangazi yao aliyeishi Bujumbura, karibu na daktari. Noella akalia. Madame Élisabeth akamshika bega.

"Kuna siri za kutunza, mwanangu, na kuna siri zinazomzamisha mtu. Hizo mwambie mtu mzima, hata kama uliapa. Hukumsaliti dada yako. Ulimshika mkono."

Nafuu ilikuja polepole, na muhula uliofuata Divine alirudi darasani. Noella bado alimkumbuka kila siku, ila sasa alijua anamkumbuka mtu atakayerudi.