Kifungo Kimoja, Vifungo Vingi

Mke wangu ni fundi cherehani. Wiki ile nyumba ilikuwa haikaliki. Kiwandani kwao alikuja msimamizi mgeni, anayejua Kihispania tu. Ijumaa angechagua kiongozi wa meza ya vifungo. Mke wangu aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba.

"Sikiliza, mume wangu," aliniambia huku anapiga pasi. "Shati ni camisa. Mashati ni macamisa."

"Hapo umewamaliza," nikasema. Kihispania sijui, ila kusifia sijambo.

Jirani yetu, mpishi wa melini aliyejifunza Kihispania bandarini, alikuwa amefuata gauni la mkewe. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, sisi tunabadilisha mwanzo wa neno. Wao wanaongeza s mwishoni. Camisa, camisas. Neno lisipoishia na a, e, i, o au u, mara nyingi tia es. Kifungo ni botón, vifungo botones."

"Basi nimeweza."

"Bado. Mbele ya neno huja kijineno. Neno la kiume, el. La kike, la, kama la camisa. Vitu vikiwa vingi, el inakuwa los, la inakuwa las."

"Shati nalo lina ukike gani?" nikauliza.

"Liulize lenyewe. Shemeji, jifunze neno pamoja na kijineno chake. Wewe huuzi shati halafu ndiyo utafute kola."

Hapo mke wangu akaelewa. Akamwaga kopo la vifungo mezani. Akainua kimoja. "El botón." Akajaza kiganja. "Los botones." Sindano moja, la aguja. Sindano nyingi, las agujas. Hata mimi nikanogewa, nikawa namuuliza jirani majina ya viatu na vikombe.

Ijumaa alirudi mbio, anahema.

"Msimamizi kanionyesha vitu, nimetaja vyote! Halafu akaonyesha fundi mmoja: la costurera. Akaonyesha wote: las costureras. Mwisho akaninyooshea kidole mimi: la jefa."

"Ndiyo nini?"

"Jefa silijui. Lakini la nalijua, mume wangu. Ni mwanamke, na ni mmoja tu."

Akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na ufunguo wa stoo ya vifungo.

Nikampigia jirani simu. Jefa, akasema, maana yake bosi. Mke wangu akakaa chini, akalia kwa furaha.