Mtaro wa Dobi Ukingoni mwa Genge

Dobi alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: mke wake na mtaro wake. Mke alimpata kwa bahati. Mtaro aliuchimba mwenyewe kwa sururu, ili mkewe asifue akiwa amesimama kwenye tope.

Nyumba yao ilikuwa juu ya genge, yaani ukuta mrefu wa mawe unaoshuka ghafla mpaka kwenye tambarare. Mbali kabisa, bahari ilionekana kama uzi. Kila siku walifua mashuka ya wageni na sare za wafanyakazi. Maji machafu yalipita mtaroni, nyuma ya chumba cha mama mkwe, yakamwagika gengeni. Kazi safi! Nani angelalamika?

Asubuhi moja alikuja mteja wao kuchukua ovaroli. Alikuwa mama mtaalamu wa miamba. Mtaani walimwita Mama Mawe.

"Dobi, umezitakatisha mpaka naona haya kuzichafua!"

"Wewe zichafue tu, mama. Sisi tunakula kwa uchafu wako."

Wakacheka. Halafu Mama Mawe akauona mtaro. Akaufuata mpaka ukingoni, akachungulia chini. Aliporudi hakuwa akicheka tena.

"Nani analala chumba kile cha nyuma?"

"Mama mkwe wangu."

"Maji yenu yamechimba korongo. Linarudi nyuma, linakuja nyumbani. Limebakiza hatua nne."

Mke wa Dobi akaweka pasi chini. "Mama, genge hili lipo tangu enzi na enzi. Mawe yataendaje?"

"Yanakwenda, mwanangu." Mama Mawe akachota donge la tope, akalivuta polepole kwa mikono miwili. "Zamani sana, kabla ya watu, nchi hii na ile ya ng'ambo ya bahari zilikuwa kitu kimoja. Nguvu za ndani ya dunia zikaivuta ardhi huku na huku."

Donge likawa jembamba katikati. Likabonyea, likakatika.

"Palipobonyea pakaingia bahari. Kando pakabaki juu. Genge lilianzia hapo, kule karibu na pwani."

"Kule kwenye uzi?" Dobi akashangaa.

"Kule kule. Mvua na mito imelila kidogo kidogo mpaka likafika hapa. Na ardhi ikipunguziwa mzigo wa mawe yaliyoliwa, huinuka kidogo, kama godoro ukishuka kitandani. Ndiyo maana genge bado ni refu."

"Kumbe linatembea!"

"Kwa mamilioni ya miaka. Kwa wastani, halisogei hata upana wa ukucha kwa mwaka. Lakini halisogei sawasawa. Hutulia miaka mingi, kisha kipande kikubwa huanguka kwa mpigo. Ukilimwagia maji kila siku mahali pamoja, unaliharakisha."

Dobi aliutazama mtaro wake.

"Yaani mimi ndiye ninayemchimbia mama?"

"Hukujua, baba. Sasa unajua."

Mama mkwe hakutaka kusikia habari ya kuhama.

"Sitoki! Bahari iko kule, itanifikiaje? Au umenichoka, mkwe wangu?"

Neno hilo lilimchoma Dobi. Akachuchumaa mlangoni. "Mama, si bahari. Ni mimi. Maji yangu ndiyo yanayokula ardhi chini yako. Nimekosa. Chukua chumba chetu. Sisi tutalala stoo."

"Pamoja na nguo chafu za watu?"

"Pamoja nazo."

Mama mkwe aliinuka kitandani. Kisha akasema, "Haya, beba kitanda. Taratibu, mguu mmoja umelegea."

Mama Mawe aliwaonyesha la kufanya. Dobi aliufukia mtaro wake kwa mikono yake, na kwa kweli iliuma. Walichimba mwingine upande wa barabara, wakausakafia kwa saruji. Ulipeleka maji kwenye shimo lenye kokoto, mbali na genge. Maji ya paa yaliingia kwenye tangi, nao wakayatumia kufulia. Ukingoni walipanda majani na vichaka.

Mvua kubwa ikaja. Ilinyesha siku tatu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, ardhi ilinguruma. Walipotoka mbio, nusu ya chumba cha nyuma haikuwepo. Korongo la zamani lilikuwa limeshalegeza mwamba. Ukuta ulikatika pale pale kilipokuwa kitanda.

Sehemu nyingine ya nyumba ilibaki nzima. Maji yalikuwa yakipita kwenye mtaro mpya, hayakuukaribia ukingo.

Mama mkwe aliliangalia pengo lile la chumba chake. Kisha akamshika mkwewe mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwozeshe binti yake.

"Nilisema umenichoka," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Dobi aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Akalia waziwazi, mbele ya mama mkwe na wateja watatu waliokuja kufuata sare zao.