Hatua za Mwali

Shadya alikuwa mwali, mwezi wa pili sasa hatoki nje. Alisuka ukili, akalala, akaamka akasuka tena. Siku hizi hata kuinua ndoo moja kulimfanya aheme.

Hija, mhudumu wa afya wa pale Kerege, alimletea kifaa kidogo cha kuhesabu hatua. "Kivae kiunoni siku saba," alimwambia.

Zaina, mama yake Shadya, aliona haya. Mtoto wa kushinda mkekani atahesabiwa nini? Si watasema analea mvivu? Basi kila alfajiri alikifunga kiunoni mwake mwenyewe, chini ya kanga, akaenda nacho shamba, na Shadya akamkataza kusema.

Siku ya nane Hija alirudi. Alizitazama namba, akakunja uso.

"Mama Shadya, mwanao anamshinda mchuuzi wa samaki. Hatua elfu kumi na tisa kwa siku!"

"Alhamdulillahi," Zaina alijibu, macho chini.

"Mie naogopa. Mtoto wa hatua hizi hahemi kwa ndoo moja. Pengine moyo una kasoro. Naandika barua, kesho aende hospitali kubwa."

Ukili ulimdondoka Shadya. "Mama, moyo wangu mbovu?"

Zaina aliushika mkono wa Hija. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Usiandike! Hatua hizo zangu mie. Nilikivaa mimi."

Hija aliweka kalamu chini. "Kwa nini, mama?"

"Niliogopa mtatucheka."

"Mtoto mchanga akipimwa uzito, mizani humcheka? Kipimo si mtihani. Kinatuonyesha mwili unapungukiwa nini. Kijana wa umri huu anahitaji kama saa nzima kila siku ya kuuchangamsha mwili, mpaka moyo uende mbio."

"Lakini mwali hatoki."

"Nani kasema atoke? Somo wake anamfundisha nini?"

"Kucheza ngoma. Ijumaa tu."

"Basi na iwe kila siku, humu humu uani. Aruke kamba, atwange. Aanze taratibu. Na damu yake nitaipima, isije ikawa imepungua nasi tunasingizia kukaa tu."

Damu ilikuwa ya kutosha. Tangu hapo, kila alasiri, sauti ya somo wake, Bi Mwanajuma, ilivuka ua: "Inuka, mwali! Miguu hiyo au michi?"

Mwezi ulipoisha, kifaa kilirudi. Shadya alikifunga mwenyewe.

"Mama," alicheka, "leo shamba utakwenda mwepesi."

Baada ya siku saba Hija alisoma: hatua elfu tisa kwa siku, zake Shadya mwenyewe. Zaina aligeuka kumtazama mwanawe. Alikuwa anapita uani na ndoo mbili, anaimba.